Mshale wa Pili: Uzingativu wa Kibudha, Msongo wa Mawazo na Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu dhidi ya jamaa au rafiki msaliti. Hata hivyo, yapo mambo mengine yamlayo mtu akiwa nayo nguoni, tena ndani zaidi ya nguo: hasira isiyotoka, hofu isiyolala, huzuni isiyotajwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayengoja matokeo ya mtihani, asiyejua karo ya muhula ujao itatoka wapi, na ambaye kwao ndiye tegemeo la ukoo mzima, anayafahamu vyema mambo haya. Hula nayo, hulala nayo, na siku ya mtihani huingia nayo ukumbini.

Mwaka 2020 jopokazi lililoundwa na serikali ya Kenya kuchunguza hali ya afya ya akili lilipendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Pendekezo hilo halikumshangaza yeyote aliyewahi kuishi katika bweni la wanafunzi. La kushangaza ni uhaba wa mawaidha ambayo jamii humpa aliyelemewa. Kwa kawaida huambiwa mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba ajikaze, maana machozi ni ya watoto. La pili ni kwamba asahau, atoke kidogo, ajiburudishe. Ushauri wa kwanza humtaka aifukie hisia. Wa pili humtaka aikimbie. Kifukiwacho huota na kikimbiwacho hufuata, kwa hivyo mashauri yote mawili humrejesha mhusika palepale alipoanzia.

Makala haya yanashikilia kwamba ipo njia ya tatu, nayo ni ile ambayo wafuasi wa Buddha wamekuwa wakiifunza kwa zaidi ya miaka elfu mbili: kuitazama hisia ikiwa ingali ndani ya moyo, kuitaja kwa jina lake, na kuiacha ipite bila kuitii wala kuipiga vita. Aidha, makala yanadai kwamba Kiswahili kina mali ya kutosha ya kufunzia stadi hii, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu katika jambo hili. Hatimaye, makala yanaonya dhidi ya kuitenga stadi hii na maadili iliyozaliwa nayo, kwani ikitengwa hugeuka kuwa dawa ya kuwalaza usingizi wenye haki ya kulalamika.

Asili ya Dhana

Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, yaani Aliyeamka, alifundisha kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba maisha hayakosi dukkha, neno la Kipali linaloweza kufasiriwa kuwa mateso, uchungu au hali ya kutotoshelezwa. Chanzo cha dukkha ni uchu wa kung'ang'ania yapitayo, na dawa yake ni mwenendo unaoitwa Njia yenye Sehemu Nane. Sehemu ya saba katika njia hiyo ni sati iliyo sahihi. Hiyo sati ndiyo inayozungumziwa hapa.

Mwongozo mashuhuri zaidi wa sati ni hotuba iitwayo Satipatthana Sutta. Hotuba hiyo inataja maeneo manne ambayo mwanafunzi hupaswa kuyaelekezea macho ya moyo. La kwanza ni mwili, ikiwemo pumzi iingiayo na itokayo. La pili ni mguso wa kila tukio, yaani kama linapendeza, linachukiza au halina lolote kati ya hayo. La tatu ni hali ya moyo wenyewe, kwa mfano ukiwa na chuki au ukiwa umetulia. La nne ni mambo yanayoukwamisha au kuukomboa moyo huo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mwanafunzi haagizwi kuifukuza chuki pindi aionapo. Huagizwa kwanza aijue. Akivuta pumzi ndefu, ajue kwamba ni ndefu; moyo ukiwa na chuki, ajue kwamba una chuki. Ujuzi huu sahili ndio mwanzo wa mambo yote yafuatayo.

Mshale wa Kwanza na Mshale wa Pili

Hotuba nyingine ya Kipali, iitwayo Sallatha Sutta, inaeleza jambo hili kwa mfano ambao mtu yeyote anaweza kuuelewa. Mtu asiyefunzwa akipatwa na maumivu ni kama mtu aliyechomwa mshale mmoja, kisha akachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni maombolezo, chuki na taharuki anazojiongezea juu ya maumivu hayo. Mtu aliyefunzwa naye huchomwa, kwani hakuna mwanadamu asiyechomwa. Ila yeye huupata mshale mmoja tu.

Mfano huu unaweza kuhamishiwa katika maisha ya chuoni bila taabu. Chukua hali ya mwanafunzi wa mwaka wa nne anayeusoma ubao wa matangazo na kugundua kwamba alama zake za kozi moja hazipo. Huo ni mshale wa kwanza, nao ni wa kweli. Lakini kabla hajauondokea ubao, wa pili umekwisha kufika: hatahitimu, wenzake watamcheka, mama aliyeuza ng'ombe atasema nini, bila shaka yeye mwenyewe ni mjinga tangu hapo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa ubaoni. Yote yameandikwa na moyo uliotaharuki. Akifika ofisini kuuliza habari za alama, hulia au hufoka, naye karani humjibu kwa ukali uleule, na mambo huharibika maradufu.

Mwanafunzi huyohuyo, lau angalikuwa amejizoeza sati, angalisimama pale ubaoni kwa muda wa pumzi chache. Angalihisi kifua kikibana na viganja vikitoa jasho. Angalijiambia kimoyomoyo kwamba hofu imeingia. Angaliliona wazo la kuchekwa likija, akalijua kuwa ni wazo wala si habari. Kisha angalikwenda ofisini, au angaliketi kwanza aandike barua. Alama zingalikuwa bado hazipo. Tofauti ni kwamba hofu isingalimwendea ofisini kabla yake na kumsemea.

Mfano wa Vietnam

Huenda mtu akadhani kwamba mafunzo haya yanawafaa watawa waketio milimani, mbali na karo na mitihani. Historia ya Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa mjini Hue, Vietnam, mwaka 1926, inaiondoa dhana hiyo. Wakati wa vita vya Vietnam alishiriki kuanzisha shule iliyowafunza vijana huduma za jamii. Vijana hao walikwenda vijijini kujenga upya nyumba zilizoteketezwa, kufungua zahanati na kuwasaidia wakimbizi. Kwa kuwa hawakuegemea upande wowote wa vita, walishukiwa na pande zote. Mwaka 1967 baadhi yao waliuawa kwa kupigwa risasi. Mwaka uo huo Martin Luther King alimpendekeza Nhat Hanh apewe Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Nhat Hanh aliondoka nchini mwake mwaka 1966 kwenda kuutetea ukomeshaji wa vita, akazuiwa kurejea kwa miaka 39. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni Ufaransa, alimwandikia mmoja wa viongozi wa shule ile barua ndefu kuhusu namna ya kuilinda sati katikati ya kazi ngumu na hatari. Barua hiyo ndiyo iliyochapishwa kuwa kitabu kinachosomwa kote duniani kwa jina la The Miracle of Mindfulness. Mafunzo yake yamejaa mambo ya kila siku: namna ya kuosha vyombo huku mtu akijua kwamba anaosha vyombo, namna ya kula chenza bila kuimeza pamoja na mipango ya kesho. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu hasira, aliifananisha hasira na mtoto mchanga anayelia. Mama hamtupi mtoto huyo wala hamwachi alie peke yake. Humwinua, humkumbatia, na katika kumkumbatia hutambua kinachomliza.

Nhat Hanh alifariki mwezi Januari mwaka 2022 katika hekalu alikolelewa kitawa mjini Hue, akiwa na umri wa miaka 95. Funzo kubwa la maisha yake kwa mjadala huu ni kwamba sati haikubuniwa iwe pahali pa kujificha. Ilifunzwa kwa vijana waliozika wenzao asubuhi na ambao iliwabidi wajenge shule alasiri. Iliwasaidia kufanya kazi bila kumezwa na chuki dhidi ya waliowaua wenzao.

Hisia Katika Sarufi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa isimu ana sababu ya kipekee ya kulivutiwa jambo hili. Tazama jinsi Kiswahili kinavyozungumzia hisia. Husemwa kwamba hasira zimempanda fulani, kisha zikamshuka. Hofu imemwingia, baadaye ikamtoka. Huzuni imemjaa, simanzi imempata, wasiwasi umemshika. Katika sentensi hizi zote hisia ndiyo kiima na mtu ndiye yambwa. Hisia hutendwa kuwa mgeni ajaye na aendaye. Mtu hubaki kuwa nyumba iliyozurwa. Hata pale mtu anapokuwa kiima, mara nyingi husemwa kwamba ana hasira au ana huzuni, yaani yu pamoja nayo, si kwamba yeye ndiye hiyo hasira. Isitoshe, Mswahili huona haya, huona wivu, huona uchungu, huona huruma. Kitenzi kilekile cha macho ndicho kinachobeba kazi ya moyo.

Ni kweli kwamba lugha ina maumbo mengine pia. Mtu amekasirika, amefadhaika, ameudhika. Hapa hali na mwenye hali havitengani kwa urahisi. Kwa hivyo haifai kudai kwamba kila Mswahili ni Mbudha kwa kuzaliwa na sarufi. Kama sarufi peke yake ingekuwa na uwezo wa kutuliza, pasingekuwa na ugomvi katika mitaa ya Mombasa wala Lamu. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, lakini kina manufaa: Kiswahili kimekwisha kuweka nafasi kati ya mtu na hisia yake, na mafunzo ya sati yanamtaka mtu aitumie nafasi hiyo. Mwalimu anayefunza stadi hii kwa Kiswahili hana haja ya kubuni msemo mpya. Inatosha amwombe mwanafunzi alitamke polepole, na kwa kulimaanisha, neno alilolisema maisha yake yote: hasira imenipanda.

Hata hivyo, nafasi hiyohiyo ina hatari yake, nayo haipaswi kufichwa. Mume anayempiga mkewe husema kwamba hasira zilimpanda. Mwanafunzi anayevunja vioo siku ya mgomo husema kwamba mori ulimshika. Mtu aliyetenda uovu husema kwamba shetani alimwingia. Hapa sarufi imegeuzwa kuwa wakili wa mkosaji: kwa vile hasira ndiyo kiima, basi hasira ndiyo ishtakiwe. Mafundisho ya Kibudha hayakubali utetezi huu. Katika ile njia ya sehemu nane, sati haisimami peke yake. Imetanguliwa na usemi ulio sahihi, utendaji ulio sahihi na riziki iliyo sahihi. Mgeni kuingia nyumbani si kosa la mwenye nyumba. Kumkabidhi mgeni huyo panga ni kosa lake. Mtu huitaja hisia ili aweze kuwajibika kwa kitendo kinachofuata, wala si ili akikwepe.

Suala la Istilahi

Swali ambalo wasomi wa Kiswahili hawawezi kulikwepa ni hili: sati iitweje? Neno lenyewe linahusiana na kumbukumbu. Mwenzake wa Kisanskriti, smriti, lina maana hiyo pia. T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, ndiye aliyelifasiri kwa neno la Kiingereza mindfulness katika tafsiri zake za mwaka 1881. Neno hilo limeenea kiasi kwamba wengi wanaotafsiri siku hizi hulitafsiri neno la Kiingereza tu, wakalisahau la Kipali.

Wapo wanaopendekeza tafakuri au taamuli. Maneno haya ni mazuri, ila yanamwelekeza msikilizaji katika kufikiri kwa kina, ilhali sati ni kuyatazama mawazo yakipita, si kuyaongeza. Uangalifu unakaribia, lakini katika matumizi ya kawaida unahusishwa na hadhari: mtu huwa mwangalifu avukapo barabara. Umakini una sifa ya utulivu, ila siku hizi umetwaliwa sana na maana ya kusikiliza darasani. Makala haya yanapendekeza uzingativu. Kuzingatia jambo ni kulitia moyoni na kuliweka humo. Ni kulikumbuka na kuliangalia kwa wakati mmoja. Kwa hivyo neno hili linabeba pande zote mbili za sati, yaani kumbukumbu na uangalizi. Aidha, linanyambulika vizuri: kuzingatia, mzingatifu, zingatio. Atakayekuwa na pendekezo bora alilete, maana istilahi hukua kwa kushindanishwa.

Suala hili si la mapambo ya kamusi. Mtu aliyelemewa hawezi kufunzwa kwa lugha inayomlazimu kufikiri mara mbili. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake 694, wakimbizi kutoka Sudan Kusini, katika makazi ya Rhino Camp nchini Uganda. Wanawake hao walifunzwa katika vikundi mbinu za kukabiliana na msongo wa mawazo kupitia kozi ya Shirika la Afya Duniani, ambayo uzingativu ni sehemu ya msingi wake. Mafunzo yalitolewa kwa sauti zilizorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, lugha ya kawaida ya wanawake hao, kwa vipindi 5. Miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua miongoni mwao kuliko miongoni mwa wale ambao hawakupitia kozi hiyo. Ikiwa Kiarabu cha Juba kiliweza kuibeba kazi hii, Kiswahili chenye kamusi, vyombo vya habari na idara za vyuo vikuu kitatoa udhuru gani?

Ushahidi na Mipaka Yake

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, mafunzo ya wiki 8 ya kupunguza msongo kwa uzingativu. Aliwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba ya kawaida ilikuwa imewafikisha ukingoni. Mwaka 2002 Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale walichapisha utaratibu uliounganisha uzingativu na tiba ya fikra, kwa ajili ya watu ambao unyong'onyevu huwarudia mara kwa mara. Miaka miwili baadaye mwongozo wa tiba nchini Uingereza uliupendekeza utaratibu huo kwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi.

Hata hivyo, mpenzi wa kweli wa jambo hulitazama pande zote. Mapitio ya tafiti 47 yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la madaktari wa Marekani yalionyesha kwamba mafunzo ya aina hii hupunguza wasiwasi, unyong'onyevu na maumivu kwa kiasi cha wastani. Mapitio yayo hayo hayakupata ushahidi kwamba yanazishinda njia nyingine kama vile dawa au mazoezi ya mwili. Vilevile, utafiti mkubwa uliowahusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 wa shule za Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, uligundua kwamba kuufunza uzingativu darasani kwa wanafunzi wote hakukuleta faida zaidi ya masomo ya kawaida ya malezi ya kijamii na kihisia. Wengi wa wanafunzi hao hawakufanya mazoezi nyumbani. Stadi hii haimfai asiyeitaka, wala haiwezi kumezwa kama kidonge.

Zaidi ya hayo, wapo watu wenye majeraha mazito ya moyo ambao kuketi kimya na kuyatazama yaliyomo ndani kunaweza kuyatonesha. Mtu wa namna hii, pamoja na yeyote anayewazia kujitoa uhai, anahitaji mshauri nasaha au daktari kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Uzingativu ni mwenzi wa tiba, hauchukui mahali pake.

Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya kidini. Muislamu au Mkristo anaweza kuuliza kama kuzitazama pumzi kwa namna ya Kibudha ni kuingia dini nyingine. Swali hili linastahili heshima, si kejeli. Ukweli ni kwamba Ubudha si mgeni kabisa katika eneo hili: jijini Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka mapema katika karne ya 20, na nchini Uganda kuna kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Lakini mtu anaweza kujifunza kuogelea kwa jirani bila kuhamia kwake. Uislamu wenyewe una mafunzo marefu kuhusu kuuhudhurisha moyo katika sala, na Imamu Ghazali aliandika kwa mapana katika Ihya Ulum al-Din kuhusu mja kuichunga na kuihesabu nafsi yake. Wakristo nao wana mapokeo ya sala ya ukimya. Mapokeo haya hayalingani na sati. Muislamu na Mkristo hunyamaza mbele ya Mungu, ilhali Mbudha huutazama moyo bila kumtaja Muumba. Tofauti hiyo ni kubwa na haipaswi kufunikwa kwa maneno laini. Kinachofanana ni stadi ya kutulia na kujiona, na stadi hiyo kila mtu anaweza kuiweka chini ya imani yake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ronald Purser, msomi wa Marekani na Mbudha, aliwalaumu katika kitabu chake cha mwaka 2019 wale walioufanya uzingativu bidhaa ya haraka. Alidai kwamba makampuni huwafunza wafanyakazi kupumua ili wavumilie kazi zinazowaumiza, badala ya kuzirekebisha kazi zenyewe. Onyo hili linafaa kusikika katika vyuo vya Kenya. Mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea hana ugonjwa wa moyo. Ana alama zilizopotea. Mwanafunzi anayelala njaa kwa sababu fedha za mkopo zimechelewa hahitaji kwanza kuambiwa azitazame pumzi zake; anahitaji chakula. Mshale wa pili unaweza kung'olewa na aliyechomwa. Wa kwanza, mara nyingi, una mpigaji, naye anajulikana. Ofisi itakayowaita wanafunzi kwenye warsha ya utulivu huku ikiyafungia kabatini malalamiko yao itakuwa imeutumia uzingativu kuukinga upinde.

Ndiposa mfano wa vijana wa Vietnam una thamani. Wao hawakunyamazishwa na sati. Iliwapa nguvu ya kusema bila kuchoma. Mwanafunzi aliyeijua hasira yake anaweza kuandika waraka ambao hakuna ofisi itakayoudharau. Yule aliyebebwa na hasira huvunja dirisha, na kesho yake mjadala huwa ni kuhusu dirisha.

Yapasayo Kufanywa

Yapo mambo matatu ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyaanza bila kungoja bajeti. Kwanza, vikusanye msamiati wa hisia kutoka lahaja mbalimbali. Lugha iliyo na huzuni, simanzi, majonzi, kihoro, jitimai na ukiwa ina ramani ya moyo ambayo wengi wanaoizungumza leo hawajaisoma. Asiyejua jina la kinachomla hawezi kukitaja, na asiyekitaja hukiita chote msongo.

Pili, waandike miongozo mifupi ya uzingativu kwa Kiswahili sanifu chepesi, isiyozidi kurasa chache, inayoweza kusomwa kwa sauti chumbani au kurekodiwa. Miongozo hiyo iandikwe kwa kushirikiana na washauri nasaha, ili lugha isiizidi tiba wala tiba isiikanyage lugha. Tatu, washauri nasaha vyuoni wahimizwe kuendesha vikao kwa lugha anayoichagua mwanafunzi. Si ajabu mtu akaeleza mradi wake wa utafiti kwa Kiingereza fasaha, kisha akashindwa kueleza kwa Kiingereza hichohicho kwa nini halali usiku.

Hitimisho

Miongoni mwa visa vya Kibudha kipo cha mwanamke aitwaye Kisa Gotami, aliyefiwa na mwanawe mchanga akawa anambeba maiti akiomba dawa. Buddha alimtuma alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alizunguka mlango kwa mlango. Kila nyumba ilikuwa na haradali, na kila nyumba ilikuwa na kaburi. Aliporejea alikuwa amekwisha kumzika mwanawe. Hakuambiwa ajikaze wala hakuambiwa asahau. Alipewa njia ya kuutazama msiba wake hadi akaweza kuuona wa wengine.

Bweni la wanafunzi halina tofauti kubwa na kijiji kile. Nyuma ya kila mlango yupo mtu aliyebeba jambo, naye anadhani ni yeye peke yake. Uzingativu hautamrudishia aliyempoteza, hautamlipia karo, wala hautaziokota alama zilizoanguka kati ya ofisi mbili. Utamwezesha kujua kilichomo nguoni mwake, kukitaja kwa lugha aliyonyonya, na kuamua kwa utulivu kama hatua ifuatayo ni kupumzika, kulia, kumbishia jirani hodi au kuandika barua ya kudai haki. Mshale wa kwanza tayari unauma. Hakuna sababu ya mtu kuuvuta upinde mwenyewe ajiongezee wa pili.